Bwana Msa na Uzito wa Ushahidi: Maisha ya Muhammed Said Abdulla

Yapo maneno ya Kiswahili ambayo mwanafunzi wa Ruhwa hana haja ya kuyatafutia kamusi, na mojawapo ni mzimu. Kinyarwanda husema umuzimu, na Warundi walio ng'ambo ya mto wana neno lao la mzizi huohuo. Maana yake unaijua tangu utotoni: ni roho ya aliyekufa, ambayo walio hai huiheshimu na kuiogopa. Watu wa pwani na visiwani wameongeza maana nyingine juu ya hiyo. Kwao mzimu ni mahali pia: pango, mti mkubwa, au magofu ya kale ambapo watu huweka nadhiri na kuacha sadaka. Mtu akifika hapo hushusha sauti.

Sasa fikiri kwamba maiti ya tajiri mwenye mashamba imeonekana mahali kama hapo. Nani kamwua? Wapo walio na jibu kabla swali halijamalizika: aliingia asipotakiwa, na wenye mahali pao wamemwadhibu. Ni jibu linaloeleweka kwa kila mtu, tena lina faida moja kubwa, kwamba halimlazimu yeyote kumtazama jirani yake usoni.

Hicho ndicho kiini cha Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya Mzanzibari Muhammed Said Abdulla, aliyefungua njia ya riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Leo nitakueleza maisha yake na kazi yake, kisha nitakuonyesha kwa nini mwandishi wa visa vya mauaji anastahili nafasi katika somo la uraia.

Kutoka Makunduchi hadi meza ya mhariri

Muhammed Said Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Makunduchi ni mji wenye mambo yake. Wenyeji wana lahaja yao, Kimakunduchi, inayoweza kumchanganya hata mtu wa mjini Unguja. Kila mwaka, katika mwezi wa Julai, husherehekea Mwaka Kogwa, sikukuu ya kuukaribisha mwaka wa jadi, ambapo wanaume hupigana kwa magogo ya migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto. Aliyekulia huko hakuhitaji kusoma vitabuni namna wahenga wanavyoweza kuwa karibu na maisha ya kila siku.

Alimaliza masomo mwaka 1938 akaingia katika Idara ya Afya kama mkaguzi, yaani kazi ambayo watu wetu wameizoea kwa jina la bwana afya. Bwana afya hupita nyumba kwa nyumba. Hutazama kisima, choo, jiko na jaa. Watu wakiugua matumbo mtaa mzima, wengine watasema ni kijicho na wengine watasema ni mapenzi ya Mungu, lakini yeye wajibu wake ni kuuliza maji yamechotwa wapi. Hii ni shule nzuri kwa mtu atakayekuja kuandika juu ya upelelezi.

Mwaka 1948 aliacha kazi hiyo akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa magazeti ya Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Nakuomba usiyapite majina haya haraka. Al Falaq ilikuwa sauti ya Jumuiya ya Waarabu wa Zanzibar. Afrika Kwetu ilisimama upande wa Waafrika. Katika miaka ile Wazanzibari walikuwa wakigawanyika zaidi kila siku, kwa chama na kwa nasaba, na magazeti hayo mawili yalitazamana kama mahasimu. Muhammed Said Abdulla alifanya kazi kote kuwili. Mhariri wa namna hiyo huisikia habari moja ikisimuliwa kwa namna mbili, na kila msimulizi akiapa kuwa kweli iko kwake.

Mwaka 1958 alikabidhiwa uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, akalitumikia hadi alipostaafu mwaka 1968. Miaka hiyo kumi ilikuwa mizito. Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar ulikuwa umefanyika Julai 1957. Ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi.

Bwana Msa anaingia

Katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, hadithi yake ilishinda tuzo ya kwanza. Mwaka 1960 ikachapishwa kuwa kitabu: Mzimu wa Watu wa Kale. Wasomaji wakakutana na Bwana Msa.

Bwana Msa ni mtu mwenye kiko mdomoni na subira isiyoisha. Si askari. Hana pingu, wala hana mamlaka ya kumkamata mtu. Ana rafiki, Najum, anayeuliza yale ambayo wewe msomaji ungependa kuyauliza, na yuko Inspekta Seif, mwenye sheria mkononi. Kazi ya Bwana Msa ni kutazama, kusikiliza, kuuliza na kulinganisha.

Bila shaka umemtambua ndugu yake wa Uingereza. Mwaka 1887 Arthur Conan Doyle, daktari aliyesomea Edinburgh, alimleta duniani Sherlock Holmes, naye mwenye kiko, naye mwenye rafiki wa kumwuliza maswali. Muhammed Said Abdulla alijifunza kwake, na hakuna aibu katika kujifunza. Hata hivyo, yaangalie mazingira ya Bwana Msa. Anatembea Unguja, na watu anaowahoji husema Kiswahili kilichojaa methali, mizaha na adabu za kisiwani. Holmes alifichua siri katika jiji la London. Bwana Msa anapaswa kuifichua mahali ambapo siri imevishwa joho la mizimu, na kulivua joho hilo mbele ya watu bila kuwavunjia heshima wazee wao ni kazi ngumu kuliko kufuata nyayo katika matope.

Jina lenyewe la Bwana Msa ni zoezi dogo la upelelezi. Tazama herufi za kwanza za majina matatu ya mwandishi: M, S, A. Je, tuseme mwandishi amejificha ndani ya mhusika wake? Ni dalili nzuri. Lakini kumbuka kuwa Msa ni pia namna ya kulitamka jina Musa, nalo ni jina la kawaida Zanzibar. Kwa hiyo jambo moja limepata maelezo mawili, na yote mawili yanawezekana. Ukilielewa hili umeshaelewa tofauti ya dalili na ushahidi. Dalili huonyesha njia ya kupita. Ushahidi ndio unaokufikisha.

Kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka mwaka 1968, mwaka wa kustaafu kwake. Hapo tena jina la kitabu limechukuliwa katika hofu za watu, kwa kuwa Giningi katika simulizi za Zanzibar ni makao ya wachawi. Baada ya kustaafu kalamu ilikimbia: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Vitabu vinne katika miaka minne, kwa mtu aliyekwisha kupita umri wa miaka hamsini na mitano. Cha mwisho, Kosa la Bwana Msa, kilitoka mwaka 1984. Mwandishi alifariki dunia Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 72.

Wengine walimfuata, kila mmoja kwa njia yake. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, alimpa Joram Kiango maelfu ya wasomaji. Na kwako wewe wa Ruhwa, Kigoma si mbali kama unavyodhani: maji ya mto wetu huingia Rusizi, Rusizi humwaga katika Ziwa Tanganyika, na Kigoma iko ufukoni mwa ziwa hilohilo.

Sarufi ya tuhuma

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Katika riwaya za upelelezi, na katika magazeti, utakutana na maneno matatu ambayo wanafunzi huyachanganya: mshukiwa, mtuhumiwa na mshtakiwa. Mshukiwa ni mtu ambaye wengine wana shaka naye. Mtuhumiwa ni mtu ambaye shaka hiyo imetamkwa wazi, kwamba yeye ndiye. Mshtakiwa ni mtu aliyefikishwa mahakamani ajibu mashtaka.

Yachunguze maneno hayo kama Bwana Msa angeyachunguza. Yote yametoka katika vitenzi vya kauli ya kutendwa: kushukiwa, kutuhumiwa, kushtakiwa. Kila neno linaeleza jambo ambalo wengine wamemfanyia mtu huyo. Hakuna hata moja linaloeleza alichofanya yeye. Kisha yaweke kando ya maneno mengine: mwuaji, mwizi, mhalifu. Haya yanamtaja mtu kwa tendo lake mwenyewe. Baina ya kundi la kwanza na la pili kuna mpaka, na wewe unayekaa Ruhwa unajua kwamba mpaka hauvukwi bila hati. Hati ya mpaka huu ni ushahidi, na anayegonga mhuri ni hakimu.

Lugha yetu, basi, imetunza sheria ndani ya sarufi. Anayemwita mtuhumiwa mwizi hakukosea msamiati peke yake. Amemhukumu mtu.

Jambo hili limeandikwa pia katika sheria kubwa. Ibara ya 11 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, la tarehe 10 Desemba 1948, inasema kwamba mtu anayeshtakiwa kwa kosa ana haki ya kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe kisheria. Katiba ya Rwanda inalinda haki hiyohiyo katika ibara ya 29. Utakubali kwamba ni rahisi kukariri ibara hizi na ni vigumu kuziishi, hasa siku ambayo aliyeibiwa ni wewe.

Gharama ya jibu la haraka

Kwa nini ninasisitiza? Kwa sababu jibu la haraka lina wahanga wake.

Rudi kwenye maiti iliyo mzimuni. Tukisema mizimu imeua, mwuaji halisi atakunywa chai nyumbani kwake kwa amani. Hiyo ni hasara ya kwanza. Hasara ya pili huja pale watu wanapoanza kutafuta binadamu wa kumbebesha nguvu hizo za giza. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, nchini Tanzania, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na dalili waliyoonyeshewa kidole ni macho mekundu. Bibi aliyepika maisha yake yote kwa kuni au kinyesi cha ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, angekuwa na macho ya rangi gani? Swali moja la bwana afya lingetosha kumwokoa.

Usidhani kwamba hili ni tatizo la vijiji vyetu tu. Mwaka 1903, huko Uingereza, wakili kijana aitwaye George Edalji alifungwa miaka saba kwa kosa la kumjeruhi farasi usiku katika malisho. Baba yake alikuwa kasisi mwenye asili ya India, na familia ile ilikuwa imesumbuliwa kwa barua za chuki kwa miaka mingi. Aliachiliwa baada ya miaka mitatu, bila kusafishwa jina. Conan Doyle, yule yule aliyembuni Sherlock Holmes, alipokutana naye aliona jambo dogo: kijana alikuwa akisoma gazeti akiwa amelisogeza karibu kabisa na uso. Mtu mwenye macho dhaifu hivyo angewezaje kuvuka malisho gizani na kumfikia farasi? Mwandishi akapeleka hoja zake magazetini mwaka 1907. Mwaka huohuo Edalji alisamehewa kosa lile, ingawa hakulipwa fidia, na Uingereza ikaanzisha mahakama ya rufaa kwa kesi za jinai.

Na hapa nyumbani, somo hili limeandikwa kwa machungu zaidi. Mwezi Oktoba 1990 maelfu ya watu walikamatwa Rwanda wakiitwa ibyitso, yaani vibaraka wa adui. Neno lilitangulia, na ushahidi haukuhitajika. Katika miaka iliyofuata tuhuma ilipanuliwa kutoka kwa mtu mmoja mmoja hadi kwa umma mzima, redio ikaitangaza, na mwaka 1994 ikawa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambapo jina la kabila katika kitambulisho lilitosha kuwa hukumu ya kifo. Sitalinganisha msiba huo na hadithi ya kubuni. Ninachosema ni kwamba jamii inayozoea kuuliza "umejuaje?" ina kinga ambayo jamii isiyouliza haina, na kinga hiyo hujengwa mapema, katika mambo madogo, darasani na sokoni.

Mpelelezi anayekosea

Nimekuachia jambo moja la mwisho. Baada ya vitabu vyote ambavyo shujaa wake alisifiwa kwa akili, Muhammed Said Abdulla alikipa kitabu chake cha mwisho jina la Kosa la Bwana Msa. Jina peke yake lina mafunzo. Mpelelezi mwerevu kuliko wote naye amewekwa mahali pa kukosea. Ndiyo maana nchi hujenga mahakama za rufaa. Ndiyo maana pia mtu mwaminifu, akigundua kuwa alimdhania mwenzake vibaya, humwendea na kumwomba radhi mbele ya walewale aliomsengenya mbele yao.

Wala usielewe kwamba mwandishi huyu alikuwa na vita na wahenga. Kumheshimu babu si kosa. Kosa ni kumbebesha babu dhambi ya mwuaji aliye hai. Bwana Msa anapouondoa mzimu katika kesi, anaurudishia mzimu heshima yake, na anamrudishia binadamu wajibu wake.

Nenda basi ukakisome kitabu chenyewe. Kiswahili chake kitakupa taabu mwanzoni, maana si kile cha hotelini Bujumbura, wala si kile unachokisikia kwa wafanyabiashara wa Kamanyola. Soma polepole, kurasa mbili kwa siku. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda, na lugha rasmi haiwi ya bei na salamu pekee. Ni lugha ambayo siku moja utaitumia kutoa ushahidi, kumtetea mtu, au kukanusha uvumi unaozunguka katika simu za watu. Siku hiyo nataka uwe na maneno ya kutosha, na uyajue mipaka yake.

Maswali ya kujadili darasani

1. Tunga sentensi tatu ukitumia maneno mshukiwa, mtuhumiwa na mshtakiwa, kwa namna itakayoonyesha tofauti zao.

2. Kumbuka uvumi mmoja uliousikia mwezi huu. Nani aliusema kwanza? Alijuaje? Je, yapo maelezo mengine yanayowezekana?

3. Mhariri aliyefanya kazi katika magazeti ya pande mbili zinazopingana hupata faida gani, na hukabiliwa na hatari gani?

4. Waulize wazee wa nyumbani kwako maana ya umuzimu, kisha uandike aya moja ya Kiswahili inayolinganisha maelezo yao na maana mbili za neno mzimu.